AMANA YA MGONJWA
Somo katika wajibu wa wakubwa wa bodi za hospitali waletewapo khabari ya madhara

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba somo hili ni katika mlango wa amana, nao ni mlango usomwao sana vyuoni na kufuatwa kidogo nje ya vyuo.

Watu wengi hudhani amana ni fedha iliyowekwa kwa mtu, au mali ya yatima, au minazi ya wakfu. Hayo ni kweli, walakini iliyo nzito kuliko zote ni roho ya mwanadamu. Mgonjwa aingiapo hospitali huvua nguo zake, hunywa asichokijua, hudungwa sindano na mtu asiyemjua, na pengine hulazwa usingizi asijue ataamka au hataamka. Hakuna mwenye kuweka amana aliye dhaifu kuliko huyu. Mwenye fedha huzihesabu mbele ya mashahidi kabla ya kuzikabidhi. Mgonjwa hana awezalo kulihesabu.

Watu wa Kisarawe na Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, wayajua haya vyema. Mtu wa Mzenga au Maneromango huanza katika zahanati, na ugonjwa ukizidi huchukuliwa hata hospitali ya wilaya iliyo Kisarawe mjini. Mtu wa Soga au Mlandizi ugonjwa wake ukishindikana karibu hupelekwa Tumbi, Kibaha. Hospitali hiyo ya Tumbi ilikua ndani ya Shirika la Elimu Kibaha, kazi iliyoanzishwa mwaka 1963 kwa shirika la Tanganyika na nchi za kaskazini ya Ulaya, ikakabidhiwa mikononi mwa Tanzania mwaka 1970. Leo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa kuwa iko kando ya barabara kuu ya Morogoro, hupokea majeruhi wa magari usiku na mchana. Na wale wasiowezekana Tumbi hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Katika kila daraja ya ngazi hii mgonjwa hukabidhiwa kutoka mkono hata mkono, na penye mikono mingi ndipo amana hupotea.

Wala jambo hili si dogo. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018, nayo hutajwa na Shirika la Afya Duniani, yakadiria ya kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati hutokea kila mwaka madhara milioni 134 hospitalini kwa sababu ya uuguzi usio salama, na madhara hayo yamo katika sababu za vifo milioni 2.6. Kwa ajili hiyo tangu mwaka 2019 tarehe 17 Septemba imefanywa siku ya kuukumbusha ulimwengu usalama wa mgonjwa.

1. NANI WENYE KUBEBA AMANA HII

Mtu akiuliza: Je, amana hii si ya daktari na muuguzi peke yao? Ajibiwa: La. Daktari huibeba amana ya mgonjwa aliye mbele yake. Walakini nyuma ya daktari wapo wenye kuibeba amana ya nyumba yote, nao ni bodi.

Katika Tanzania kila halmashauri huwa na Bodi ya Huduma za Afya, na ndani yake wamo wajumbe watokao kwa wananchi. Mganga Mkuu wa Wilaya ndiye katibu wake. Vituo vya afya na zahanati navyo vina kamati zao za usimamizi. Hospitali za mikoa na za taifa kadhalika zina bodi. Basi msomaji asiseme, Jambo hili ni la wakubwa wa mbali. Pengine kesho jina lake litatajwa kijijini, atakwenda kukaa kitini, na dhamana itamwingia shingoni kabla hajaijua.

Mfano wa bodi kwa watu wa pwani ni nadhiri wa wakfu. Nadhiri si imamu wala si fundi. Hasalishi, wala hapandi darini kuziba tundu. Lakini dari ikivuja, akaambiwa, akanyamaza mpaka ikawaangukia wenye kusali, hakuna atakayemwuliza fundi kabla ya kumwuliza nadhiri. Na hospitali nyingi za Waislamu wa zamani zilikuwa namna hiyo: ile ya Sultani Mansur Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa ni wakfu, na kazi ya nadhiri wake ilikuwa kuangalia kwamba haki ya mgonjwa yamfikia mgonjwa.

2. HUKUMU YA MWENYE AMANA

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i wamesema ya kwamba mwenye kushika amana halipi kilichopotea mkononi mwake pasipo kosa lake. Hulipa akivuka mpaka au akifanya taksiri. Na kadhalika tabibu: ajuaye kazi yake, akapewa ruhusa, akaifuata njia ya kazi ilivyo, hatoi dhamana ikiwa mgonjwa amekufa. Ajitiaye utabibu hali hajui, huyo hudhaminishwa.

Lizingatie neno hili taksiri, kwani ndiyo roho ya somo. Mwenyekiti wa bodi hawezi kujua kila sindano idungwayo usiku. Maadamu hajui, wala hakufanya uvivu wa kutaka kujua, ana udhuru. Lakini khabari ikimfikia, udhuru umekwisha. Tangu saa aliyoambiwa, kila mgonjwa adhurikaye kwa sababu ile ile huandikwa katika hesabu yake pia. Kwa hiyo wenye akili husema shitaka si tusi kwa bodi. Shitaka ni kukabidhiwa amana mara ya pili.

3. VISA VYA KUFUNDISHIA

Kisa cha kwanza ni cha Baghdad. Katika mwaka 319 wa Hijra, nao ni 931 wa miladi, Khalifa al-Muqtadir alipata khabari ya kwamba tabibu mmoja amemkosea mtu katika watu wa kawaida, na mtu yule amekufa. Khalifa hakusema, Ni mtu mmoja tu, na Baghdad ina watu wengi. Wala hakutosheka kumwadhibu tabibu yule. Alimwamuru muhtasib awazuie matabibu wote wasitibu, illa yule atakayejaribiwa elimu yake na Sinan bin Thabit bin Qurra. Waliojaribiwa katika pande mbili za mji walizidi 860. Tazama jinsi kifo cha mtu asiyejulikana hata jina kilivyomfanya mkubwa aiulize nafsi yake: Je, wako wangapi wengine kama huyu tabibu?

Kisa cha pili ni cha Dar es Salaam. Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Aliyekuja kwa ajili ya goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuja kwa ajili ya kichwa akapasuliwa mguu. Yule wa maradhi ya kichwa alifariki baadaye. Nchi nzima ilishituka, na uchunguzi ukafanywa. Mtu wa pwani asisome kisa hiki kana kwamba chamhusu mwingine. Katika wodi moja ya Kisarawe waweza kuwakuta akina Juma watatu na akina Mwajuma wawili. Wazee wameweka kumtaja mtu kwa jina lake na la baba yake na la babu yake kwa sababu walijua jina moja halimtambulishi mtu.

Na dawa ya kosa la namna hii haiko mbali. Wakati huo huo wa mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likijaribu katika hospitali nane za ulimwengu karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani: jina lake ni nani, apasuliwa wapi, damu ipo, vitambaa na vyombo vimehesabiwa vikatimia. Moja ya hospitali hizo nane ilikuwa Ifakara, katika Tanzania hii hii. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na New Delhi. Matokeo yalipotangazwa Januari 2009, yalionyesha ya kwamba katika kila wagonjwa 1,000, waliokufa walipungua kutoka 15 hata 8, na waliopata madhara makubwa wakapungua kutoka 110 hata 70. Karatasi ile haikununuliwa kwa dhahabu. Ni kuuliza tu, kwa sauti, mbele ya wote. Basi bodi isemayo, Hatuna fedha, na iambiwe: kuuliza jina hakutaki fedha.

Kisa cha tatu ni cha mji wa Bristol, Uingereza. Palikuwa na hospitali wapasuliwapo watoto wachanga wenye maradhi ya moyo. Mwaka 1988 akaja daktari wa dawa za usingizi, jina lake Stephen Bolsin, akaona upasuaji wachukua muda mrefu kuliko alivyozoea, na watoto wanaokufa ni wengi. Mwaka 1990 akamwandikia mkuu wa hospitali, John Roylance, naye alikuwa daktari pia. Jambo halikushikwa. Bolsin akaanza kuweka hesabu ya waliopona na waliokufa, na kupasua kukaendelea mpaka mwaka 1995. Uchunguzi mkubwa uliotolewa Julai 2001 ulionyesha ya kwamba baina ya mwaka 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja, kati ya 30 na 35, walikufa zaidi ya wale ambao wangetarajiwa kufa katika hospitali kama hiyo.

Roylance hakushika kisu hata siku moja. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ni msimamizi, na mambo ya kutibu ni ya waganga wenyewe. Baraza la madaktari la Uingereza halikuikubali hoja hiyo. Mwaka 1998 likamfuta katika daftari la madaktari, na rufaa yake ikashindwa mwaka 1999. Hukumu hii ya watu wa mbali yakubaliana na ile ya wanavyuoni iliyokwisha tajwa: alijua, akaweza kuzuia, hakuzuia; basi ni taksiri. Ama Bolsin, aliyesema kweli, mwisho wake alihama nchi akaenda kufanya kazi Australia.

Kisa cha nne ni cha hospitali ya Stafford, Uingereza vile vile. Baina ya mwaka 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa katika vitanda vilivyochafuka, wengine wakakosa hata mtu wa kuwapa maji. Jamaa zao walilalamika; muuguzi wa chumba cha dharura aliandika shitaka baada ya shitaka, akatishwa na wenziwe. Wakati huo bodi ilikuwa imeshughulika na kupunguza matumizi na kutafuta daraja ya juu kwa hospitali yake. Ikaipata daraja hiyo Februari 2008. Fahamu: cheti cha sifa kilitundikwa ukutani, na chini ya ukuta ule mgonjwa ana kiu. Ripoti ya mwanasheria Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013 na mapendekezo 290 ndani yake, ilionyesha ya kwamba bodi ile haikuwasikiliza vya kutosha wagonjwa wala watumishi wake, wala haikuyasahihisha makosa iliyoonyeshwa.

4. SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Shubuha ya kwanza: wapo wasemao, Mtu amekufa kwa ajali yake, siku zikifika hapana wa kuzuia, basi uchunguzi ni kupingana na kadari.

Jawabu: Kuiridhia kadari ni subira ya mfiwa, si ngao ya aliyefanya taksiri. Aliyemuua mtu kwa kukosea, kwa mshale aliokusudia mnyama, hapana shaka marehemu amekufa kwa ajali yake. Juu ya hayo sheria imewajibisha diya na kafara. Lau kadari ingeondoa dhamana, diya isingekuwako. Na vitabu vya hisba, kama kile cha al-Shayzari aliyeishi zama za Sultani Salah al-Din, vyaeleza ya kwamba tabibu alitakiwa aandike alichokiona kwa mgonjwa na dawa aliyompa, na nakala awape jamaa zake. Mgonjwa akifa, jamaa waliipeleka karatasi ile kwa mkuu wa matabibu. Akiona kazi ilifanywa ipasavyo, huwaambia kwamba ajali yake imefika. Akiona tabibu amepuuza, huwaambia wachukue diya kwake. Basi ewe msomaji, neno la kwamba ajali imefika lilisemwa baada ya kusoma karatasi. Siku hizi watu hulisema ili karatasi isisomwe.

Shubuha ya pili: muuguzi amshitakiaye mwenziwe kwa bodi hufanya ghiba.

Jawabu: Imam Nawawi, naye ni mtu wa madhehebu haya haya, ametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa asiyoyapenda kumeruhusiwa, katika hayo ni aliyedhulumiwa kumpelekea shitaka mwenye mamlaka, na kutaka msaada wa kuondoa uovu, na kuwahadharisha watu na shari. Muuguzi amwambiaye mwenyekiti kwamba mganga fulani huja zamu hali amelewa hakufanya ghiba, amefanya nasaha. Ghiba ni ile isemwayo barazani kwenye kahawa, kwa watu wasioweza kuondoa lolote. Na ajabu ni kwamba watu wetu huogopa ya kwanza, na ya pili huifanya kila jioni.

Shubuha ya tatu: kusitiri aibu ya Mwislamu ni wema, basi na aibu ya hospitali isitiriwe.

Jawabu: Husitiriwa aibu iliyokwisha, ambayo haimdhuru ila mwenyewe. Ama madhara yanayoendelea, kuyafunika ni kumshirikia mwenye kudhuru. Mwenye kuona kisima kimeingia mzoga akakifunika kwa mkeka ili watu wasione, hakukisitiri kisima. Amewanywesha watu mzoga.

Shubuha ya nne: tukichunguza kila jambo tutawavunja moyo waganga, na waganga ni wachache.

Jawabu: Neno hili lina kweli ndani yake, wala lisidharauliwe. Muuguzi mmoja aachiwaye wodi nzima usiku kucha, akakosea saa kumi za alfajiri, kosa lake lina baba, na baba yake ni yule aliyempanga peke yake. Kwa hiyo uchunguzi mwema hauanzi na swali, Nani amekosa? Huanza na swali, Jambo hili limewezekanaje? Waganga wema hawavunjwi moyo na swali hilo. Huvunjwa moyo na bodi iwalaumuyo kwa kukosa kitu walichokiomba mara nyingi wasipewe.

5. ADABU ZA KUPOKEA SHITAKA

Chukua mfano, nao ni wa kufundishia tu, si khabari ya hospitali yoyote. Muuguzi wa wodi ya wazazi aona mtungi wa oksijeni wavuja. Aandika katika daftari mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Usiku mmoja wa mvua mwanamke aletwa kutoka shamba juu ya pikipiki, mumewe nyuma akimshika. Mtoto azaliwa hali hapumui vyema. Mtungi wafunguliwa, hauna kitu. Alfajiri yule mume apewa kitoto kilichofungwa kitambaa cheupe, aenda kukizika. Baada ya siku saba muuguzi amjia mwenyekiti wa bodi nyumbani kwake baada ya magharibi, asema, Bwana mkubwa, nina neno.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Mwenyekiti aweza kumjibu, Binti yangu, mambo haya yana njia zake, mwone mkubwa wako. Neno hilo laonekana la adabu, na ndani yake amezika mtoto wa pili na wa tatu. Au aweza kufuata adabu sita zifuatazo.

Ya kwanza, amsikilize bila hasira mpaka amalize, na aandike: siku, saa, mahali, na nani ajuaye. Neno lisiloandikwa husahauliwa na mwenye raha kabla ya mwenye taabu.

Ya pili, azuie madhara kabla ya kumtafuta mkosaji. Mtungi ule usitumike tena usiku ule ule. Nyumba iwakapo moto hutafutwa maji kwanza, na aliyewasha huulizwa asubuhi.

Ya tatu, amlinde mleta khabari. Asihamishwe, asinyimwe zamu, asitukanwe. Sheria ya Tanzania nayo imelitazama jambo hili: mwaka 2015 ilipitishwa Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Lakini sheria iliyo katika karatasi haimlindi mtu ila ikipata mwenyekiti wa kuisimamisha. Muuguzi mmoja akiadhibiwa kwa kusema, wengine ishirini watajifunza kunyamaza, na bodi itakaa katika kimya hicho ikidhani ni salama.

Ya nne, uchunguzi usiwe mkononi mwa aliyeshitakiwa. Hapa yapasa kuzingatia sana. Bodi hukutana siku chache katika mwaka, na mengi isomayo huandikiwa na wale wale wenye kuendesha hospitali. Si kwamba wao ni waongo. Bali hakuna mtu aonaye kisogo chake. Kwa hiyo mjumbe mwema hasomi taarifa tu. Husoma na daftari la wodi, huwauliza na wafagizi, hufungua sanduku la maoni mbele ya wenziwe, na mara moja moja hufika usiku bila kupiga mbiu. Huuliza: Katika miezi mitatu hii wamekufa wazazi wangapi na watoto wangapi, na kila mmoja kwa sababu gani? Akijibiwa kwamba hakuna malalamiko yoyote, asifurahi haraka. Pengine hakuna madhara, na pengine hakuna mlango wa kusemea.

Ya tano, wenye msiba waambiwe kweli. Yule baba wa shamba aitwe, akalishwe kitini, aambiwe: Mtungi ulikuwa mbovu, tuliambiwa, hatukuutengeneza, nasi twakutaka radhi. Wakubwa wengi huogopa neno hili kuliko jambo lenyewe. Wadhani litaleta kesi na fedheha. Walakini mfiwa aliyeambiwa kweli huweza kusamehe, kwani ajua alisamehealo. Aliyefichwa husamehe nini? Hukaa na moto wake, na humkanya kila mwanamke wa kijiji asiende hospitali, wengine wakafia majumbani. Basi uwongo mmoja wa bodi waweza kuua watu ambao hawakufika hata mlangoni.

Ya sita, arudi kuangalia. Baada ya mwezi mwenyekiti auone mtungi mpya kwa macho yake, si katika taarifa. Na amwite yule muuguzi mbele ya wajumbe amwambie, Neno lako limefanyiwa kazi, Mungu akujazi kheri. Kwa neno hilo moja atakuwa amefungua midomo yote iliyokuwa imefungwa.

6. WAJIBU WA WENYE KULALAMIKA

Na haki ina pande mbili. Mwenye shitaka aseme alichokiona, asiongeze. Asimtukane muuguzi, wala asimwinulie mkono mganga kwa uchungu wa msiba, kwani hiyo ni dhulma juu ya dhulma. Akumbuke siku na saa, atunze karatasi na cheti alichopewa, na apeleke neno lake kwa kamati au bodi, si kwenye baraza la kahawa. Asipojibiwa aende daraja ya juu yake. Na wanaume wa mji wasiseme mambo ya wodi ya wazazi ni ya wanawake. Kwani wake zao ndio walalao pale, na wao ndio wachaguao wajumbe. Siku ya kuchagua, wasimchague mtu kwa kanzu yake wala kwa ukubwa wa nyumba yake. Wamchague yule ambaye mjakazi na maskini huweza kumsimamisha njiani wakamwambia neno, naye akasimama.

KHATIMA

Jumla ya somo ni hii. Mgonjwa ni amana. Bodi ni nadhiri wa amana hiyo. Kabla ya kujua, nadhiri ana udhuru ikiwa hakufanya uvivu. Baada ya kuambiwa hana. Khalifa aliyekuwa na milki kubwa alisimama kwa ajili ya mtu mmoja asiye na jina. Mkuu wa Bristol alipelekewa hesabu ya watoto asisimame. Kila mwenye kukaa kitini, Kibaha au Kisarawe au kwingineko, atakuwa mmoja wa hawa wawili, wala hapana wa tatu baina yao.

Na yule mjumbe asemaye moyoni, Mimi si daktari, nitajua nini? na aambiwe: Hukutakiwa ujue kutibu. Umetakiwa uulize mtungi una kitu au hauna, na usiondoke mpaka uonyeshwe.